Tumbili Aliyevikwa Kengele

Mmewahi kumwona tumbili anayekimbiwa na mama yake mzazi?

Hamjamwona. Basi sogeeni. Wewe mwenye simu, iweke chini, meseji ya ajira haiji leo. Na wewe uliyekaa nyuma unatabasamu, tabasamu taratibu, huenda babu yako yumo humu ndani.

Nikisema "Palilimwa", nyinyi semeni "Pakaliwa".

Palilimwa.

Pakaliwa.

Jembe la nani?

La mwenye mgongo.

Mboga za nani?

Za mwenye mdomo.

Na aliyeuliza?

Akaambiwa aje kesho.

Haya. Hapo kale, na kale yenyewe si mbali, ukinyoosha mkono unaigusa, palikuwa na bonde lenye mfereji mmoja wa maji. Juu ya bonde palikuwa na msitu, na msituni waliishi tumbili. Chini waliishi watu. Kila mmoja na lake. Kisha watu wakapanda juu na mapanga. Wakakata mkuyu, wakapanda kabichi. Wakakata mzambarau, wakapanda nyanya. Wakakata mti ambao hata jina lake hawakulijua, wakapanda bilinganya. Msitu ukabaki kijishungi juu ya kilima, kama nywele za mzee anayekataa kuitwa mwenye upara. Halafu watu walewale wakaanza kushangaa: jamani, hawa tumbili wanatafuta nini kwenye bustani zetu?

Nauliza mimi, wewe ungefanyaje? Ungekaa juu ya kisiki uimbe wimbo wa taifa?

Tumbili wakashuka. Na tusidanganyane, tumbili akiingia bustanini hali kama mgeni mwenye adabu. Anang'ata nyanya hii, anaitupa. Anang'ata ile, anaitupa. Anang'oa moyo wa kabichi, anaacha majani yamekaa kama sahani tupu. Mwisho wa mfereji, pale maji yanapofika yamechoka, alilima mjane mmoja, Bi Namsifu. Alichota maji kwa kopo, akamwagilia mche mmoja mmoja kama anayenywesha mtoto uji. Asubuhi akafika, akakuta matuta yamevurugwa. Alikaa kwenye jaruba akalia bila sauti, maana hata wa kumsikia hakuwepo. Machozi yake yalikuwa ya haki. Na njaa ya tumbili ilikuwa ya haki. Hapo ndipo ubaya wa hadithi hii ulipo, msije mkanidai mzuri ni nani.

Watu wakasimamisha sanamu la matambara, na shati, na kofia. Tumbili wakaogopa.

Watu wakatundika makopo matupu kwenye kamba, upepo ukipita yanagongana. Tumbili wakaogopa.

Watu wakachoma pilipili pembeni mwa bustani, moshi ukajaa. Tumbili wakaogopa.

Lakini miongoni mwa tumbili alikuwepo kijana mmoja, Tegemea. Macho makali, kichwa chepesi. Wazee wa ukoo wakakaa wakasema huyu tumsomeshe. Kila mama akatoa tunda, mengine yakitoka mdomoni mwa watoto wachanga, ili Tegemea asihangaike kutafuta chakula, akae tu kwenye ukingo wa bonde ajifunze mambo ya watu. Mama yake, Mama Kishungi, alitoa kuliko wote. Alikuwa ameshaanza kung'oka meno, akawa anasema hana njaa. Mnawajua akina mama wa namna hiyo. Wanasema hawana njaa mpaka wanaanguka.

Tegemea akasoma. Akajifunza lugha ya watu. Akajua nani anachelewa kuamka na nani anasinzia zamu yake. Akawatazama wakiwamba ngoma: ngozi mbichi huvutwa ikiwa laini kama jani, jua likiipiga inakaza mpaka inalia. Yote akayaweka kichwani. Akarudi kwa ndugu zake akawaambia lile sanamu halina mtu ndani, akaenda akakaa juu ya kofia yake. Makopo hayana meno, akayafungua akayavingirisha. Moshi wa pilipili hufuata upepo, piteni upande wa pili. Ukoo mzima ukala. Walikuwa na desturi yao: pakiwa na kitu kigeni, Tegemea anatangulia. Akirudi na mashavu yamejaa, wengine wanafuata. Na shavu moja lilikuwa la mama yake siku zote. Nyanya zilizoiva, laini, za kumung'unywa na ufizi.

Sasa bondeni palikuwa na Jumbe, jina lake Mahimbo. Jumbe Mahimbo hakuwa na bustani. Alikuwa na ufunguo wa mfereji. Asiyepatana na Jumbe, maji hayamfikii. Kazi safi, haina jasho, na vijana wakimuuliza wafanyeje ili wafike alipo anawajibu wafanye bidii.

Jumbe akaambiwa mtego utegwe. Akacheka. Akasema mtego hunasa mguu, na mwenye akili hujikata mguu akaenda zake. Huyu anayewatangulia wenzake ni wa kumnasa kwa sifa.

Akatoka peke yake mpaka ukingoni. Tegemea akamwamkia shikamoo, Jumbe akaitikia marahaba kwa sauti ya kumwaga asali. Akamsifu akili. Akasema inasikitisha kichwa kama hicho kuishi na wezi. Akasema bonde linamhitaji, wataalamu ni wachache. Akubali kuwa mlinzi wa bustani, avishwe alama ya heshima, na mavuno yakiisha ukoo wake utapewa tuta la mwisho, lile la pembeni mwa mfereji, wapande na kuvuna kwa haki, bila kufukuzwa na mtu.

"Tuta zima?" Tegemea akauliza. "La nyanya?"

"Nyanya, bamia, unachotaka. Wewe ni msomi bwana, utachagua mwenyewe."

Tegemea akamwona mama yake amekaa kwenye tuta lake mwenyewe, anakula bila kugeuka nyuma. Akakubali.

Nyinyi mnauona mtego. Mnajua kwa sababu mnasimuliwa. Yeye alikuwa anapewa.

Sherehe ikafanywa. Maturubai, viti vya mbele vya wakubwa, viti vya nyuma vya waliolima chakula. Tegemea akavishwa joho jeusi. Uso wake ukapakwa chokaa iliyokorogwa na utomvu, nyeupe, isiyotoka kwa mvua. Shingoni akafungwa kengele kwa ukanda wa ngozi mbichi, laini kama jani. Akaona raha ya ule ulaini. Ngoma ilikuwa inapigwa hatua chache kutoka pale, na bado hakuikumbuka. Vigelegele vikapigwa. Jumbe akasimama akahutubia, akasema vijana ndio taifa la kesho. Kisha akawageukia watu wake akawapa agizo, na hili mlishike, nitakuja kuwadai:

"Kengele hii ikilia mahali bila kukoma, jueni hapo pana mwizi. Acheni jembe, shikeni fimbo, nendeni mbio. Asibaki mtu."

Watu wakaitikia. Jumbe akampa Tegemea mkono, akamwambia "congratulations", akamruhusu aende nyumbani akawape jamaa habari njema.

Tegemea akapanda kilima anaruka. Na kwa furaha akaimba. Mimi naimba, nyinyi nipeni kengele:

*Mama, nisubiri,* ngele-ngele,
*ni mimi wa tumboni mwako,* ngele-ngele,
*nimekuletea tuta,* ngele-ngele,
*mbona wakimbia?*

Maana walikimbia. Waliona uso mweupe usio na macho ya kujulikana, waliona kitu cheusi kinapepea, walisikia chuma kinalia. Aliyekuwa anawatangulia kukagua vitu vigeni ndiye huyo huyo kitu kigeni chenyewe, na nani sasa wa kumtuma? Wakakimbia mpaka kwenye mikuyu iliyobaki.

Tegemea akawafuata kwenye mikuyu. Mama, nisubiri, ngele-ngele. Wakakimbilia kwenye majabali.

Akawafuata kwenye majabali. Ni mimi wa tumboni mwako, ngele-ngele. Wakavuka mgongo wa kilima. Kadiri alivyowapenda ndivyo alivyowafukuza. Na huko chini watu wakasimama na majembe yao wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Jumbe akasema, mmeona? Sikutumia hata mshale.

Mmoja tu hakuvuka kilima. Mama Kishungi. Miguu ilimgomea, akabaki kwenye mti wa chini ya jabali, amekumbatia tawi, amefumba macho. Tegemea akafika chini ya mti. Hakuimba tena. Akanong'ona tu.

"Mama."

Mama Kishungi akafumbua jicho moja. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Sauti ni ya mwanangu," akasema. "Hicho kingine sikijui. Kivue, baba, uje nikuone."

Joho likavuliwa, likatupwa. Chokaa haikutoka. Ukanda wa kengele, jua lilikuwa limeshaupiga, ulikuwa umekaza kama ngoma. Hapo ndipo alipoikumbuka ngoma. Mama yake akashuka, akauvuta ule ukanda mdomoni, akautafuna, akautafuna. Kwa ufizi. Wenye meno walikuwa upande wa pili wa kilima.

Tegemea akateremka kwa Jumbe. Akaamkia shikamoo. Akasema ukanda unamkaba, na mama yake ana njaa, na anaomba kuonyeshwa tuta. Jumbe akamwambia aje kesho.

Akaja kesho yake. Shikamoo ikaitikiwa kwa kichwa. Akaambiwa suala lake liko kwenye mchakato, na tuta hupewa mwenye uzoefu wa kulima. Akauliza uzoefu ataupata wapi kabla ya kupewa tuta. Akaambiwa asiwe na jazba.

Akaja tena. Shikamoo haikuitikiwa. Jumbe alikuwa anachokonoa meno.

"Kijana," akasema, "hamuwezi wote kusubiri kupewa. Jiajiri."

Msicheke. Nimeona mtu akiambiwa hivyo na mtu aliyeajiriwa na baba yake.

Tegemea akawa anaokota majani ya nje ya kabichi, yale magumu yanayotupwa, anampelekea mama yake. Mama anayashika, anayanusa, anashukuru, anayaweka pembeni. Kutafuna hawezi. Anasema hana njaa.

Sasa bustani zilipona? Ndiyo, zilipona, tusiwanyime watu haki yao. Kabichi zikafunga, nyanya zikawa nyekundu mpaka aibu. Lakini Bi Namsifu hakuona kitu kikiongezeka nyumbani kwake. Maana Jumbe alikuwa ametangaza mchango: kila bustani itoe kikapu cha mlinzi, Tegemea ale ashibe, alinde vizuri. Kikapu kikijaa kinapelekwa kwa Jumbe, kupitia mlango wa nyuma. Juma hili kikapu, juma lijalo kikapu, kisha kikapu cha kabla ya mvua na kikapu cha baada ya mvua. Na anayechelewa, maji ya mfereji yanachelewa naye. Tumbili walikuwa wanaharibu, lakini wakishiba waliondoka. Kikapu hakishibi.

Siku moja saa za mchana Bi Namsifu alikuwa anakata kabichi. Akamwona Tegemea pembeni anaokota majani yaliyoanguka. Akamtazama mbavu. Zilikuwa zinahesabika.

"Wewe," akamwambia, "mbona umekondeana hivyo na vikapu vyote vile?"

"Vikapu gani, mama?"

Kisu kikasimama hewani.

"Vya mlinzi. Vyako. Mimi mwenyewe natoa, naacha wanangu wanakula mlenda mtupu."

Tegemea akayashusha chini majani aliyookota. Na Bi Namsifu hakuuliza tena, maana sura ya asiyekula ni vigumu kuibishia. Alikaa chini kwenye jaruba lilelile alilolilia zamani. Akamwambia kuwa ukoo wake ulipokuja aliwalaani, na kwa kweli walimuumiza, lakini walikula mbele ya macho yake, na waliondoka jua likizama. Tegemea akamwomba akate ukanda. Bi Namsifu akaangalia mfereji, ule uzi mwembamba wa maji uliokuwa unamfikia kwa hisani.

"Nikikata wako, Jumbe anakata wangu," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Ninao wadogo."

Lakini akachuma nyanya. Si za kutupa, zilizoiva zaidi ya zote. Akamjaza mashavu yote mawili, akamwambia apeleke, aende haraka.

Tegemea akapanda kilima. Hakuimba, alikuwa na nyanya mdomoni. Akakimbia na kengele yake, ngele-ngele, ngele-ngele, akafika chini ya jabali, akainua macho mtini.

Mtini hapakuwa na mtu.

Mama Kishungi alikuwa chini, amelala ubavu, pembeni yake rundo la majani makavu ya kabichi yaliyopangwa vizuri, moja juu ya jingine. Siafu walikuwa wameshapata habari. Tegemea akawapangusa. Akatoa nyanya mashavuni, akaichagua iliyo laini kuliko zote, akaiweka mdomoni mwa mama yake, akaibonyeza kidogo ili maji yatoke.

Maji yakatoka. Yakapita pembeni.

Juu ya mgongo wa kilima ndugu zake wakatokea, mmoja mmoja. Walikuwa wamekuja kuzika. Shangazi zake, binamu zake, wale waliotoa matunda. Walishuka nusu ya njia. Tegemea akawaona, kilio kikamshika, mwili ukamtikisika, na alipotikisika kengele ikalia. Wakakimbia wote. Akajaribu kulia bila kutikisika. Jaribuni nyinyi, mkienda nyumbani. Haiwezekani.

Akamzika peke yake, kwa mikono, ameshika kengele kwa meno ili isipige kelele msibani.

Mnasema "masikini". Msiseme masikini. Msubirini.

Siku ya pili yake Tegemea akateremka. Hakwenda kwenye bustani. Akapita katikati ya bonde, jua la utosini, akapanda juu ya paa la Jumbe Mahimbo, akakaa. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, kikapu cha kwanza cha siku kikaingia. Tegemea akatikisa shingo.

Ngele.

Kikapu kingine.

Ngele-ngele.

Kingine. Na safari hii hakunyamaza. Akatikisa kichwa, akatikisa mabega, akakitoa kile kilio alichokizuia kilimani, chote, kengele ikalia bonde zima.

Mnakumbuka agizo? Nilisema nitawadai. Kengele ikilia mahali bila kukoma...

Hapo pana mwizi. Naam. Watu wakaacha majembe. Wakashika fimbo. Wakaja mbio, kama walivyoagizwa, watiifu kabisa, Bi Namsifu mbele na kisu chake cha kabichi. Wakazunguka nyumba kumtafuta tumbili. Tumbili hakuwepo ila yule wa juu ya paa. Lililokuwepo ni lori. Limeegeshwa uani, limejaa kabichi mpaka juu, na nyanya kwenye matenga, na juu kabisa kikapu cha Bi Namsifu, alichokisuka mwenyewe, chenye kiraka cha kitenge chekundu kwenye mpini.

Bi Namsifu akakishusha kikapu chake, akakiweka miguuni pake. Akawauliza wenzake kama kengele imekosea. Fimbo zilikuwa mkononi bado, na mlango wa Jumbe ukafungwa kwa ndani, komeo likasikika.

Kisha Bi Namsifu akainua kisu chake kwenye mwanga, akamwita Tegemea ashuke akatwe ukanda, mfereji ukauke ukitaka.

"Asante, mama," Tegemea akasema. "Kisu chako ni kizuri. Lakini hukufunga wewe. Ukiukata wewe naondoka tu, na kesho anavishwa mwingine. Akate aliyefunga, watu wakiona."

Akakaa. Hajashuka. Watu wamekaa nao, wamelizunguka lori, lori halitoki. Jumbe yumo ndani, mara anachungulia dirishani kuona kama wamechoka, mara anatuma ujumbe chini ya mlango kwamba waje kesho, suala liko kwenye mchakato.

Palilimwa.

Pakaliwa.

Mboga za nani?

Za mwenye mgongo.

Na aliyeuliza?

Yuko juu ya paa.

Hadithi yangu upande wangu imekwisha, sina la kuongeza wala chai sitaki. Upande uliobaki ni wako, Jumbe, wewe na wote mliokaa viti vya mbele siku ile mkapiga makofi. Mlitupaka chokaa nyinyi. Mlitufunga nyinyi, ngozi ikiwa mbichi, huku mnatabasamu. Fungueni mlango. Tokeni na kisu, mchana, kateni mlichofunga kwa mikono yenu wenyewe, kisha mtembee mbele yetu mpaka mwisho wa mfereji mtuonyeshe lile tuta liko wapi. Si kesho. Leo.